Mwalimu Nyerere na Lugha ya Mtihani: Maisha Yake Yakitazamwa Kutoka Usukumani

1.0 Utangulizi

Maisha ya Julius Kambarage Nyerere yamekwisha kuandikwa na wengi, na sehemu kubwa ya maandishi hayo inahusu siasa: harakati za uhuru, Muungano, Azimio la Arusha, ukombozi wa nchi za Kusini mwa Afrika. Makala haya hayakusudii kuyarudia hayo. Yanakusudia kuyapitia maisha yake kwa njia nyembamba zaidi, ile inayopita katika chumba cha mtihani, na kuliandama swali moja tu: mtoto apimwe kwa lugha gani? Mwalimu Nyerere alilijibu swali hili mara mbili akiwa madarakani. Mara ya kwanza alisema Kiswahili. Mara ya pili akakiacha Kiingereza mahali pake. Kabla ya hapo alikuwa amelijibu kwa nafsi yake mwenyewe, kwani katika safari yake yote ya masomo, kuanzia Musoma hadi Edinburgh, hakupimwa kwa Kizanaki, lugha aliyoinyonya pamoja na maziwa ya mama yake.

Tumeamua kulitazama suala hili tukiwa tumesimama Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita, ambayo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza hadi ilipofanywa mkoa mwaka 2012. Sababu ni wazi. Wasukuma ndio jamii kubwa kuliko zote nchini, na katika vijiji vyao mtoto aweza kufikia umri wa kwenda shule akiwa amecheza, amechunga, ametumwa na kukaripiwa kwa Kisukuma tu. Mtoto wa Unguja anapoletewa karatasi ya mtihani iliyoandikwa kwa Kiswahili hupimwa kwa lugha yake. Mtoto wa Usukuma hupimwa kwa lugha ya taifa lake. Mambo hayo mawili huchukuliwa mara nyingi kuwa ni kitu kimoja katika mijadala yetu ya lugha ya kufundishia, na ndiyo maana tunaona kuna faida kuyatenganisha.

2.0 Kutoka Kizanaki hadi Kiswahili

Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano katika nyumba ya wake wengi. Utoto wake haukutofautiana sana na wa watoto wengine wa kijijini: kuchunga, kulima, kusikiliza wazee. Alikuwa na umri wa miaka 12 alipopelekwa Shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, umbali wa kilomita 40 hivi kutoka nyumbani.

Hapo pana jambo ambalo waandishi wengi wa maisha yake hulipita kwa haraka. Lugha ya darasani Mwisenge ilikuwa Kiswahili. Serikali ya Waingereza ilikwisha kuamua hivyo baada ya mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukaichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji, na tangu tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza, ikawa inasimamia lugha ya vitabu vya shule. Wajerumani nao, kabla ya Waingereza, walikuwa wamekitumia Kiswahili katika shule zao. Kwa hiyo mvulana wa Kizanaki aliyeingia Mwisenge alikutana na mageni mawili kwa wakati mmoja: masomo, na lugha ya kuyabebea masomo hayo. Na lugha yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa ikifungwa katika kamusi na sarufi na watu waliokuwa mbali sana na Musoma.

Upande wa Usukuma hali haikuwa tofauti ila kwa jambo moja. Misheni zilizofanya kazi huko, Wakatoliki na vilevile Africa Inland Mission iliyokuwa na kituo Nassa, zilikitumia Kisukuma katika mafundisho ya dini na katika shule zao ndogo. Wako wazee wengi waliozijua herufi kwa Kisukuma kabla ya kuzijua kwa Kiswahili. Lakini misheni iliyotaka ruzuku ya serikali ilibidi iufuate mtaala wa serikali, na mwanafunzi aliyetaka kuendelea mbele ilibidi aufanye mtihani kwa Kiswahili. Mtihani ndio uliovuta kamba. Lugha ambayo haimo katika mtihani hukaa darasani kwa hisani ya mwalimu tu, na hisani hiyo hupungua kadiri siku ya mtihani inavyokaribia.

Nyerere aliyamaliza masomo ya miaka minne kwa miaka mitatu. Mtihani wa darasa la nne ulikuwa mlango mwembamba. Watoto wengi wa Tanganyika waliishia hapo na kurudi mashambani. Yeye alifaulu vizuri sana mwaka 1936, na mwaka uliofuata akaingia Shule ya Serikali ya Tabora. Tusiidharau athari ya ushindi huo katika fikra zake za baadaye. Mtu aliyepanda ngazi kwa lugha ya pili, tena kwa haraka kuliko wenziwe, huelekea kuamini kwamba ngazi hiyo yapandika. Wale walioanguka kwenye ngazi hiyohiyo hawakupata nafasi ya kuandika sera ya elimu.

3.0 Tabora, Makerere na Edinburgh

Shule ya Tabora ilijengwa kwa kuigiza shule za bweni za Uingereza, na hapo Kiingereza kikachukua nafasi ya Kiswahili. Nyerere alikaa Tabora tangu 1937 hadi 1942, mwaka aliofariki baba yake. Kutoka hapo alikwenda Makerere (1943–1945) kusomea ualimu. Mwishoni mwa mwaka 1943 alibatizwa na kupewa jina la Julius. Akarudi Tabora kufundisha katika Shule ya St. Mary's hadi 1949, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh alikopata shahada yake mwaka 1952. Yote hayo ni Kiingereza kitupu.

Aliporudi alimwoa Maria Gabriel Magige mwezi Januari 1953 na akaajiriwa katika shule ya St. Francis, Pugu. Kazi yake ilikuwa kuwaandaa vijana kwa mtihani wa Cambridge, ambao maswali yake yalitungwa Uingereza na majibu yake yakasahihishwa hukohuko. Twaweza kusema kwamba jina la Mwalimu alilipata katika kazi ambayo kipimo chake hakikuwa mikononi mwa nchi yake, wala hakikuwa katika lugha yoyote ya nchi yake. Ilipofika mwaka 1955 alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa. Akajiuzulu.

4.0 Mkutano wa hadhara si chumba cha mtihani

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka huohuo Nyerere aliteuliwa kwa muda kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria mahali pa Chifu Kidaha Makwaia wa Busiha, Shinyanga, aliyekuwa na kazi katika Tume ya Kifalme. Ndani ya Baraza alisema Kiingereza. Nje, katika viwanja, alisema Kiswahili, na inasimuliwa kuwa katika kuizunguka nchi nzima wakati wa kudai uhuru ni mara chache mno alipohitaji mkalimani.

Usukumani TANU ilipata taabu ya pekee. Serikali ilikataa kuyaandikisha matawi yake katika Jimbo la Ziwa kwa miaka kadhaa baada ya 1954, na zuio hilo halikuondolewa hadi 1958. Katika mwaka huo wa 1958 watu wa Geita walilipinga baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, wakaandamana kwa maelfu kuelekea Mwanza, na hatimaye serikali ikalazimika kurudi nyuma. Wakulima wa pamba walikuwa tayari wamejifunza kujikusanya katika vyama vya ushirika vilivyoongozwa na Paul Bomani.

Kwa mwanasiasa, hayo yote yalithibitisha kwamba Kiswahili chatosha. Nasi hatuna sababu ya kubisha: kwa siasa kilitosha. Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya uwanja wa mkutano na chumba cha mtihani. Katika mkutano, asiyelielewa neno humwuliza jirani yake, naye jirani humfasiria kwa Kisukuma, watu wakacheka pamoja na hotuba ikaendelea. Katika chumba cha mtihani kumwuliza jirani ni kosa la kufukuzwa. Lugha iliyotosha kuwaunganisha watu wakiwa pamoja haikuwa lazima itoshe kumpima mmoja wao akiwa peke yake.

5.0 Uamuzi wa 1967

Baada ya uhuru hatua zilifuatana upesi. Mwezi Desemba 1962 Rais mpya alilihutubia Bunge kwa Kiswahili. Mwaka 1963 alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Tafsiri hizo, pamoja na uzuri wake wa kifasihi, zilikuwa hoja: kwamba lugha hii yaweza kubeba mzigo wowote. Mwaka 1964 Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili kikaanzishwa Dar es Salaam. Januari 1967 Rashidi Kawawa, Makamu wa Pili wa Rais, alitangaza kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli za serikali, na katika mwaka huo Bunge likalitungia sheria Baraza la Kiswahili la Taifa.

Lakini kwa mtoto wa Shinyanga tukio kubwa la mwaka huo lilikuwa jingine. Hadi wakati huo Kiingereza kilianza kufundishia katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, na mtihani wa darasa la nane ulifanywa kwa lugha hiyo. Tangu 1967 ikaamuliwa kwamba Kiswahili kitumike tangu darasa la kwanza hadi la saba, na mtihani wa kumaliza shule ukafuata. Kwa mtoto ambaye nyumbani alisema Kisukuma, uamuzi huu ulikuwa punguzo la nusu ya mzigo. Zamani alijifunza lugha mbili ngeni kabla ya kupimwa. Sasa alijifunza moja.

Tena hiyo moja ilikuwa ya ukoo wake. Kisukuma na Kiswahili ni lugha za Kibantu, ngeli zake zafanana, viambishi vyake vyajibizana. Mfano mzuri ni hesabu. Mtoto wa Kisukuma anayesikia tatu, nne, tano, nane na kumi kwa mara ya kwanza husikia idatu, ine, itano, inane na ikumi za kwao zikiwa zimebadilika sauti kidogo tu. Anapofika kwenye sita, saba na tisa hukwama, kwani Kiswahili kiliyachukua maneno hayo kutoka Kiarabu, ilhali yeye anazo itandatu, mpungate na kenda. (Kenda hiyo Kiswahili chenyewe kilikuwa nayo zamani, na wazee wa pwani waliijua.) Zikifuata ishirini, thelathini, nusu na robo, zote za asili ya Kiarabu, undugu unazidi kujificha. Kwa hiyo mtihani wa hisabati, ambao aghalabu husemwa kuwa haujali lugha, humpima mtoto wa Maswa au wa Kahama katika mambo mawili, kuhesabu na kuzijua tarakimu kwa majina ya pwani, na alama inayotoka ni moja tu. Irabu nazo zina mambo yake: Kisukuma kina saba na Kiswahili kina tano, na sauti ya /r/ ya Kiswahili haimo katika Kisukuma, ndiyo maana imla ya mtoto wa darasa la pili yaweza kuonekana imejaa makosa ilhali amesikia sawasawa kwa masikio ya lugha yake.

Je, Mwalimu hakuyajua haya? Aliyajua kuliko wengi. Yeye mwenyewe alikuwa ameyapitia. Shirika la UNESCO lilikuwa limependekeza tangu 1953 kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya mama yake, na pendekezo hilo halikuwa siri kwa wataalamu wa elimu. Alilikataa kwa sababu ambazo hazikuwa za kipuuzi. Nchi ilikuwa na lugha zaidi ya mia moja. Mwalimu aliyesomeshwa kwa gharama ya taifa ilibidi aweze kupelekwa popote, Mndengereko afundishe Shinyanga na Msukuma afundishe Newala. Na mtihani wa kuchagua wachache kutoka kwa wengi lazima uwe na mizani moja: ni nani angeweza kuthibitisha kwamba swali la Kisukuma na swali la Kichaga ni sawa kwa uzito? Tukiongeza hofu ya ukabila, ambayo katika miaka ile haikuwa hofu ya kubuni, twaona kwa nini mlango ulifungwa bila mjadala mrefu.

Tungependa kusisitiza hata hivyo kwamba tatizo la mizani lina ufumbuzi. Ethiopia, baada ya sera yake ya elimu ya 1994, iliruhusu majimbo kama Oromia na Tigray kufundisha na kutahini elimu ya msingi kwa lugha zao. Mpango huo una matatizo yake mengi, na hatusemi kwamba ungeifaa Tanzania. Unaonyesha tu kwamba kilichokataliwa Tanzania kilikataliwa kwa sababu za kisiasa, na kwamba hoja ya kiufundi ilikuja baadaye kuuvika uamuzi nguo.

Serikali ya Nyerere haikuwa kipofu kuhusu tofauti kati ya sehemu na sehemu. Katika miaka ya 1970 ilianza kuzigawa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa, ili watoto wa Shinyanga wasishindanishwe moja kwa moja na watoto wa Kilimanjaro waliokuwa na shule nyingi na za zamani. Ugawaji huo wa nafasi ndio uliofanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na lugha ya mtihani. Badala ya kuirekebisha karatasi, walirekebisha hesabu ya waliochaguliwa. Ni njia ya uungwana, lakini ina upofu wake: inamsaidia mtoto wa Shinyanga kama mtu wa Shinyanga, haimsaidii kama msemaji wa Kisukuma. Mtoto wa karani wa Mwadui, aliyekulia kwenye nyumba za kampuni ya almasi akisema Kiswahili, aliihesabu nafasi ya mkoa kuwa yake sawa na mtoto wa mfugaji aliyetoka kijijini, tena kwa wepesi zaidi. Na kwa kuwa sensa ya 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza kabila, tofauti hiyo haikuweza kusomwa tena katika takwimu zozote za taifa.

Katika Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967, Mwalimu aliishambulia mitihani yenyewe. Alilalamika kwamba shule ya msingi imegeuzwa kuwa mahali pa kujiandaa kwa mtihani wa kuingilia sekondari, ilhali takriban asilimia 13 tu ya wanaomaliza ndio wanaopata nafasi huko. Alitaka elimu ya msingi iwe kamili kwa ajili ya wengi watakaobaki vijijini. Ni wazo zito, na kwa maoni yetu ndilo lililomfanya asione uharaka wa swali la lugha mama: ikiwa mtihani haupaswi kuwa kitu kikubwa, lugha yake nayo haipaswi kumkosesha mtu usingizi. Wazazi wa Usukuma, kama wazazi wengine, hawakulichukulia hivyo. Kwao mtihani ulibaki kuwa mlango, na waliendelea kuuhesabu kila mwaka kwa majina ya waliopita.

6.0 Mtihani wa watu wazima, 1975

Hapa tunafika mahali ambapo habari za Kanda ya Ziwa zina utajiri wake. Mwaka 1970 ulitangazwa na Rais kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati huo mikoa minne ya Ziwa, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ilikuwa tayari katika mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO tangu 1968. Wakulima walifundishwa kusoma kwa kutumia vitabu vya kilimo cha pamba na shughuli nyingine za maisha yao. Wazo lilikuwa zuri mno: mtu mzima hujifunza herufi kutoka katika kazi anayoijua.

Kazi aliijua; lugha ya kitabu hakuijua sawasawa. Mwanamke wa Usukuma aliyelima pamba miaka ishirini alikuwa na neno la Kisukuma kwa kila hatua ya kazi ile, tangu kupalilia hadi kuchambua. Kitabu kilimtaka ajifunze kwanza maneno ya Kiswahili ya mambo aliyoyafanya kila siku, halafu ajifunze kuyasoma. Wanaume waliotembea, waliouza ng'ombe minadani au waliofanya kazi migodini, walikuwa na Kiswahili cha kutosha. Wanawake wengi hawakuwa nacho.

Agosti 1975 ulifanywa mtihani wa kisomo nchi nzima, na mamilioni ya watu wazima wakajitokeza. Ilikuwa kazi kubwa kuliko mtihani wowote uliopata kufanyika nchini, nao ulikuwa kwa Kiswahili kila mahali, Butiama na Bariadi sawasawa na Bagamoyo. Matokeo yalionyesha kwamba idadi ya wasiojua kusoma na kuandika, ambayo mwaka 1967 ilikuwa asilimia 67 hivi, imeshuka hadi asilimia 39. Dunia iliisifu Tanzania, na ilistahili sifa hizo. Lakini katika hesabu hiyo kujua kusoma kulikuwa na maana ya kujua kusoma Kiswahili. Mzee wa Usukuma aliyeweza kuisoma Biblia ya Kisukuma kanisani na kushindwa na karatasi ya Kiswahili aliandikwa miongoni mwa wasiojua kusoma. Kwa upande mwingine, maelfu walipata kwa kisomo hicho lugha ya taifa pamoja na herufi, na hapana shaka kwamba wengi wao waliihesabu faida hiyo kuwa mbili kwa bei ya moja. Mizani hii ni ngumu kuisoma, na hatudai kuisoma kwa niaba yao.

7.0 Mlango wa sekondari

Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na kwa sheria ya mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Taifa. Kwa mara ya kwanza kipimo kilikuwa mikononi mwa nchi kuanzia darasa la saba hadi kidato cha sita. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaamuru elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977, na likataka maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku yahesabiwe pamoja na mtihani wa mwisho. Idadi ya watoto wa shule za msingi ilipita milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walimu hawakutosha, vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu papo hapo vijijini. Vijana hao, ambao mara nyingi walifundisha karibu na kwao, walikirudisha Kisukuma darasani kwa mlango wa nyuma, pasipo ruhusa ya mtaala, kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine ya kueleweka na mtoto wa darasa la kwanza.

Nguvu hizo zote ziliishia kwenye kizingiti cha kidato cha kwanza. Ilikuwa imetarajiwa tangu mwisho wa miaka ya 1960 kwamba Kiswahili kitapanda polepole hadi sekondari. Baadhi ya masomo, kama Siasa, yalianza kufundishwa hivyo. Kisha mpango ukalala. Novemba 1980 Mwalimu aliunda Tume ya Rais ya Elimu, Jackson Makweta akiwa mwenyekiti, na mwaka 1982 Tume ikapendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na baadaye vyuo vikuu. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe aliufafanua msimamo wake kwa kukifananisha Kiingereza na Kiswahili cha dunia: kama Msukuma alivyokihitaji Kiswahili ili azungumze na taifa, Mtanzania alikihitaji Kiingereza ili azungumze na ulimwengu.

Huo mfano tunauona kuwa ufunguo wa fikra zake kuhusu jambo hili. Kwake lugha zilikuwa ngazi: Kizanaki, Kiswahili, Kiingereza, kila moja ikimfikisha mtu kwenye baraza kubwa zaidi, kama yeye alivyofikishwa. Ni mfano wa kweli kwa kusema na watu. Kwa kupima akili ya mtu una kasoro, kwa sababu mtu hahitaji kusimama kwenye baraza kubwa ili ijulikane kama ameuelewa mwendo wa damu mwilini au sababu za Vita vya Majimaji. Wataalamu waliopeleleza hali ya Kiingereza mashuleni mwaka huohuo wa 1984 waligundua kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakukijua Kiingereza kiasi cha kuweza kusomea chochote. Mtafsiri wa Shakespeare, aliyethibitisha kwa kalamu yake kwamba Kiswahili chaweza kusema yote, hakukipa ruhusa ya kuulizia swali la biolojia katika kidato cha pili. Hatujaona kwingine maishani mwake mahali ambapo mfasiri na Rais walikataana waziwazi namna hii.

8.0 Miaka ya mwisho na yaliyofuata

Nyerere aliacha urais Novemba 1985 na akarudi kukaa Butiama, kati ya watu waliosema Kizanaki. Huko aliendelea kuandika kwa Kiswahili. Mwaka 1996 zilichapishwa tenzi zake za Injili na Matendo ya Mitume. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na akazikwa Butiama.

Mwaka uliofuata mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa, na mwaka 2001 ukafuata wa Bulyanhulu. Wachimbaji wadogo walikuwa wamekwisha kumiminika huko kwa miaka mingi, kutoka Kigoma, Singida, Mara na kwingineko, na katika makambi yao Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani. Hivyo katika wilaya moja mtoto aliyezaliwa machimboni humaliza shule ya msingi kwa mtihani ulioandikwa kwa lugha anayoiotea ndoto, na mwenziwe wa kijiji cha jirani huufanya kwa lugha aliyoijua akiwa na miaka saba. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilisema kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote pamoja na Kiingereza. Mitihani mingi ya kidato cha nne imeendelea kutungwa kwa Kiingereza, na mbele ya karatasi hizo watoto hao wawili wa Geita hukalia madawati yanayofuatana.